Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Lindi: kibali cha ujenzi kiulize maji yanafika wapi

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa walio wakubwa kwangu, na salamu kwenu nyote mlioshika dhamana ya ardhi, maji na ujenzi: ofisi ya Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri, maafisa mipangomiji, wahandisi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyoko Mtwara.

Naandika mwezi wa Septemba, bonde la Lukuledi likiwa kavu. Ukisimama Mingoyo leo ukatazama upande wa mto, unaona mabua ya mpunga yaliyobaki shambani, minazi, na udongo mweusi uliopasuka nyufa. Ni wakati wa kujenga. Fedha za ufuta zimeshaingia, za korosho zinakaribia, na malori ya mchanga na kokoto hayapumziki. Ni wakati huuhuu viwanja vinakaguliwa ili vibali vitolewe. Mkaguzi anakuta ardhi ngumu, tambarare, karibu na barabara. Anaandika kwamba kiwanja kinafaa, na kwa siku aliyofika amesema kweli.

Mimi ni fundi ujenzi. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, Lindi mjini, Mtama, Nachingwea, na kote nilikoitwa. Nyumba ya mama yangu niliijenga kwa mikono yangu, mahali ambapo babu alisema maji hayafiki. Na kweli hayakufika. Kila masika makubwa yalipanda mpaka kwenye mwembe, yakakaa siku mbili tatu, yakarudi mtoni. Mama alikuwa akiyatazama kutoka barazani bila wasiwasi, kama mtu anayemtazama jirani akipita.

Kisha mtu mmoja akanunua mbuga, ile tambarare ya bondeni, upande wa chini wa kwetu. Alimwaga kifusi, lori baada ya lori, mpaka uwanja wake ukapanda kupita kimo cha mtu aliyeketi. Juu yake akajenga ghala, na kulizunguka akaweka ukuta wa bloku. Masika yaliyofuata mvua haikuwa kubwa kuliko tulizozizoea. Lakini maji yalipita mwembe, yakapanda baraza, yakaingia ndani usiku wa manane na kusimama chini kidogo ya dirisha. Mama tulimtoa kwa kumbeba mgongoni. Godoro, mbegu za mpunga, kadi yake ya kliniki, vyote vilikwenda. Ukutani ukabaki mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa kwa pima maji.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kulalamika. Kijana aliyenipokea alikuwa muungwana, akafungua faili tukaliangalia pamoja. Kibali kilikuwepo. Ramani ya jengo ipo, mchoro wa nondo upo, nyaraka za kiwanja zipo, risiti zipo. Nilisoma karatasi zote, moja moja. Hapakuwa na mahali hata pamoja palipouliza: mto ukijaa, maji hufika kimo gani hapa? Na ukijaza kifusi, yale yaliyokuwa yakikaa hapa yataenda kwa nani? Yule jirani hakuvunja sharti lolote, kwa kuwa sharti lenyewe halikuwemo.

Waheshimiwa, ombi langu lote limo ndani ya maswali hayo mawili. Nataka yaingie kwenye kibali cha ujenzi cha kila kiwanja kilicho bondeni katika mkoa wetu, na nataka majibu yake yatolewe na mhandisi aliyepima. Jicho la mtu aliyefika kiangazi halitoshi.

Najua mtasema sheria zipo. Zipo, na ni nzuri. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ya mji bila idhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufuko wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda mita hizohizo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inazitaja katika ardhi hatarishi. Kila mwananchi wa mabondeni anaijua namba 60 kwa sababu ya ile alama nyekundu ya X inayopigwa ukutani.

Lakini mita 60 hupimwa kwa futi kamba, nayo mafuriko hupimwa kwa kimo. Mahali ambapo mto umechimba kingo ndefu, mtu anaweza kukaa hata hatua thelathini kutoka ukingoni na asiguswe na maji maisha yake yote. Kwenye mbuga tambarare kama yetu, maji yakishatoka mtoni hutandaa mbali kuliko macho yanavyoona, na aliye mita 400 anazama sawa na aliye mita 70. Ghala ninalolisema liko nje kabisa ya mita 60. Kwa karatasi halimo hatarini wala halimhatarishi mtu. Kwa maji, limekaa katikati ya njia.

Naomba nieleze kidogo kwa lugha ya kazi yetu, maana hapa ndipo wengi hupapita haraka. Bonde la mto lina sehemu mbili wakati wa mafuriko. Ya kwanza ni mkondo wenyewe wa mafuriko, pale maji mengi yanapokimbia kwa kina na kasi. Ya pili ni pembezoni, ambapo maji husambaa, yakatulia na kusubiri zamu yao ya kurudi. Ukijenga kitu kikubwa katika mkondo, umeuziba kama mtu anayeweka jiwe kwenye mfereji: maji ya juu yanarudi nyuma na kupanda, na anayeumia ni aliye juu yako, ambaye huenda hamjuani. Ukijaza kifusi pembezoni, umeondoa chungu kilichokuwa kikihifadhi maji. Kiwanja kimoja kikijazwa, tofauti ni ndogo, pengine upana wa kidole. Vikijazwa hamsini, kila kimoja kwa kibali chake na kila kimoja kikionekana hakina neno, mto mzima unapanda. Ndiyo maana huwezi kukagua kifusi cha kiwanja kimoja ukakitenga na vingine.

Marekani wana utaratibu ambao ningependa wataalamu wetu wautazame. Tangu sheria yao ya bima ya mafuriko ya mwaka 1968, maeneo ya mabonde yanachorewa ramani kwa kipimo cha mafuriko ambayo kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1 kutokea. Wenyewe huyaita mafuriko ya miaka mia, jina linalopotosha watu, kwa sababu mtu husikia miaka mia akadhani ya mwaka jana yakishapita basi atayaona wajukuu. Ukipiga hesabu, nyumba inayokaa miaka 30 kwenye mstari huo ina nafasi kama 26 katika 100 ya kufikiwa angalau mara moja. Mtu anayetaka kujenga au kujaza udongo ndani ya mkondo wa mafuriko lazima alete hesabu za mhandisi aliyesajiliwa, zinazoonyesha kwamba kimo cha mafuriko hayo hakitapanda hata kidogo kwa sababu ya jengo lake. Asipoweza kuonyesha hivyo, anabadilisha mchoro au anahama. Anayejenga nyumba ya kuishi pembezoni anapewa kimo, naye sakafu yake lazima ifike hapo au ipite.

Sisemi tunakili kila kitu chao. Bima yao hatuna, fedha zao hatuna, na wao bado wanazama. Ninachokitaka ni wazo la msingi: mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya anayejaza bonde. Leo mzigo huo anaubeba mama yangu, anayetakiwa kuthibitisha baada ya kuzama kwamba amezamishwa.

Sasa naingia kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Waheshimiwa, tafadhali msilichukue ombi langu mkaligeuza kuwa karatasi nyingine ya kumtoza mnyonge. Mjane wa Mkwaya anayejenga vyumba viwili kwa fedha za ufuta hawezi kumlipa mhandisi wa masuala ya mito. Mkimwambia alete utafiti, atajenga bila kibali, na hapo tutakuwa tumepoteza hata ule usimamizi mdogo uliopo. Utafiti wa bonde zima ufanyike mara moja, na ufanywe na serikali. Ukishakamilika, mjane akija na ramani yake, afisa afungue kitabu amwambie: mama, kwenye kiwanja chako maji hufika kimo hiki, msingi wako upande mpaka hapa, usijaze uwanja wote, inua nyumba tu. Jibu la bure, la siku hiyohiyo. Mwenye ghala, kituo cha mafuta, yadi ya malori, shule binafsi, hoteli, huyo ndiye alete mhandisi wake na hesabu zake.

Utafiti wenyewe si ndoto. Unahitaji kumbukumbu za mvua, ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa inazo. Unahitaji vipimo vya mto, ambavyo ni kazi ya Bodi ya Bonde. Unahitaji wapimaji wa kukata bonde kwa mistari kutoka kilima hadi kilima na kuandika kimo cha kila sehemu, pamoja na madaraja, makalavati na matuta ya barabara, kwa sababu tuta lenye kalavati dogo ni bwawa lisilo na jina. Kuna programu ya HEC-RAS, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, inayopatikana bure na kufundishwa vyuoni, ya kukokotoa kimo cha maji kutokana na vipimo hivyo. Na mahali ambapo vipimo vya mto ni vichache, kuna wazee. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mifereji na sehemu zinazofikiwa na mafuriko. Bonde letu nalo lina watu wanaoweza kukuonyesha kwenye shina la mnazi maji yalifika wapi, na mwaka gani, na nani alizaliwa wiki ile.

Jambo moja mhandisi wa kutoka mbali anaweza kulisahau, nalo ni bahari. Lukuledi haumwagi kwenye ziwa lililotulia. Unaingia kwenye ghuba ya Lindi. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mvua kubwa ya bara ikifika chini wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo, mto unapumua. Ikikutana na bamvua, mlango unakuwa umefungwa, na maji yanasimama Mkwaya na Mingoyo yakingoja bahari irudi. Mikoko ya pale chini ikikatwa, nayo ni hasara nyingine. Kwa hiyo hesabu yoyote itakayofanywa lazima ichukue mvua na bamvua kwa pamoja.

Na tusiseme kwamba Lindi si mkoa wa mafuriko. Kimbunga kilipiga mji huu Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea kwetu, Mtwara ikakaa roho juu, kisha kikatua Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Januari 2020 mafuriko ya wilaya ya Kilwa yaliua ndugu zetu na kuacha familia nyingi bila paa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, tukabaki kusini kama kisiwani, mabasi yamepanga foleni, wagonjwa na wasafiri wamelala njiani. Sote tulijifunza siku zile kwamba kitu kilichojengwa kwenye njia ya maji hakimhusu mwenye nacho peke yake.

Serikali nayo iwe ya kwanza kulitii sharti hili. Dar es Salaam wana somo chungu pale Jangwani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikabomolewa. Lakini katika bonde hilohilo ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na maji yakaingia mara kwa mara, mabasi yakazama. Mwananchi aliyebomolewa kwa sababu ya maji, kisha akaona jengo la umma limesimama palepale, utamwambia nini aamini? Basi shule ya kata, zahanati, stendi, soko la mnada, ghala la chama cha msingi, vyote vipite kwenye maswali yaleyale mawili. Zahanati iliyozama hata kwa siku mbili ni zahanati isiyokuwepo siku inapohitajika zaidi.

Kuna haraka pia. Tangu habari za mradi wa gesi ya Likong'o zianze, bei ya ardhi kuzunguka Lindi haijawahi kukaa kimya. Viwanja vya miinuko vimepanda, na wanaotafuta vya bei nafuu wanashuka mabondeni. Dalali hakuonyeshi kiwanja masika. Nimewahi kuitwa na mteja kuanza msingi mwezi wa Agosti, mahali ambapo mwezi wa Machi nilikuwa nimevua kambale. Nilimwambia. Alishalipa. Hapo laiti pangekuwa na ramani ya kuangalia mtaani, au hata nguzo ya zege yenye mstari mwekundu inayosema maji yamefika hapa, angeokoa fedha za miaka sita.

Na urasimishaji wa makazi, jambo jema ninaloliunga mkono, usitangulie mbele ya ramani hiyo. Mkishampimia mtu kiwanja ndani ya mkondo wa mafuriko na kumpa hati yenye nembo ya taifa, mmemwambia akakope benki, aongeze vyumba, awarithishe watoto. Siku mkija kumwondoa atauliza kwa nini mlimpa, na swali lake litakuwa la haki.

Wapo watakaosema dawa ni kuwahamisha wote. Wanaosema hivyo hawajalima mpunga. Bondeni ndiko kuna unyevu, ndiko kuna viazi vya kiangazi, minazi na samaki wa madimbwini. Watu hawakukaa pale kwa ujinga, wamefuata chakula. Wazee wetu walijua namna: kulala mwinukoni, kushuka bondeni kulima, na aliyelazimika kukaa chini alijenga nyumba ya miti na udongo ambayo maji yakiibomoa, hujengwa tena kwa wiki moja. Sisi mafundi wa bloku na saruji ndio tuliobadilisha hesabu, tukaweka akiba ya maisha yote ya mtu mahali pa kupita maji. Nami nimo. Kwa hiyo yaliyo ndani ya mkondo wenyewe yasijengwe tena, na waliomo wahamishwe kwa fidia na viwanja vilivyokwisha kupimwa, kiangazi, si usiku wa mafuriko. Wa pembezoni wabaki kwa masharti: msingi wa mawe au bloku imara unaofika kimo kilichotajwa, jamvi la zege juu yake, ukuta wa uzio uwe na matundu ya kupitisha maji au uwe wa miti, na choo kiinuliwe kama nyumba. Hilo la choo nalisisitiza. Maji yakishaingia shimoni na kutoka, kisima cha mtaa mzima kimekwisha, na kipindupindu hakihitaji kibali.

Tunajua vibali siku hizi vinaombwa mtandaoni kwa mfumo wa serikali uitwao TAUSI. Kuongeza maswali mawili kwenye fomu si kazi ya mwaka. Kamati za maafa zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kuanzia mkoa hadi kijiji, zinaweza kuanza sasa hivi kutembea na wazee na kuweka alama za maji ya zamani. Bodi ya Bonde iseme hadharani lini itapima Lukuledi, na baada yake Mbwemkuru na Matandu. Mpaka ramani itoke, halmashauri zisitishe vibali vipya vya kujaza kifusi kwenye mbuga za mito hiyo kwa majengo makubwa. Na kila kiwanja cha bondeni kikaguliwe mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja masika, gambuti miguuni.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Mama amerudi nyumbani kwake, kwa sababu hana kwingine. Tumepandisha kitanda juu ya bloku nne nne. Nilitaka kupaka ukuta chokaa, amekataa. Anasema ule mstari wa tope ubaki mpaka mtu wa serikali aje aupime. Njooni na mpimaji. Upo sentimita 94 kutoka sakafuni, chumba cha mbele, ukutani mkono wa kushoto ukiingia.

Wenu katika ujenzi wa mkoa wetu,
Fundi ujenzi, mkazi wa Mingoyo, Lindi